Alma Thomas: mchoraji aliyeng'ara akiwa na miaka 80
Alma Thomas alizaliwa mwaka 1891 mjini Columbus, jimbo la Georgia, Marekani, enzi ambazo watu weusi walibaguliwa kisheria. Mwaka 1924 alihitimu shahada ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Howard, kisha akafundisha shuleni Washington kwa miaka 35.

Baada ya kustaafu mwaka 1960, alijikita kikamilifu katika uchoraji. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 80, alikuwa mwanamke mweusi wa Marekani wa kwanza kufanya maonesho yake binafsi katika Jumba la Makumbusho la Whitney, New York.

Kwa wasanii chipukizi, funzo ni bayana: kuchelewa kutambuliwa si kushindwa, na bustani inayoonekana dirishani, kama ilivyokuwa kwake, yatosha kuwa chanzo cha kazi kubwa.