Kima Punju, Makaa na Chui wa Jozani: Kweli au Uongo?

Ukitoka mjini Unguja kwenda Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, hukosi mtu wa kukusimulia mambo ya msitu ule. Bila shaka haya umeshayasikia.

"Kima punju ana sumu; mti anaoula hukauka, na mbwa akimla hunyonyoka manyoya." Uongo. Kima huyu mwekundu, asiyepatikana popote duniani nje ya Zanzibar, hula majani na matunda mabichi. Majani huchachuka tumboni, na harufu yake kali imewatisha wengi. Lakini harufu si sumu. Miti anayoila leo ndiyo aliyoila babu yake, na bado imesimama.

"Anamaliza nazi." Uongo, ingawa najua wakulima watanibishia. Ni kweli anakula vidaka. Hata hivyo, utafiti wa Siex na Struhsaker uliochapishwa 1999 haukuona mavuno yakipungua. Palipoliwa vidaka vingi, nazi zilizovunwa zilikuwa nyingi zaidi. Mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi ambavyo havingekomaa.

"Anakula makaa." Kweli kabisa! Hushuka mtini, akaokota kipande kwenye tanuri la zamani, akakishika kwa vidole vinne, maana dole gumba lake ni kibutu tu, kisha akakitafuna taratibu. Majani ya mwembe na mkungu yana kemikali zinazosumbua tumbo, na makaa huzinyonya. Wanavijiji walikuwa wakiliona jambo hili kabla watafiti hawajaja kulieleza. Tuwape heshima yao.

"Chui wapo, wanafugwa na wachawi." Hakuna ushahidi uliothibitishwa. Chui wa Unguja alikuwepo kweli, lakini imani hiyohiyo ya uchawi ilichochea kampeni ya kumsaka baada ya Mapinduzi ya 1964. Kamera zilizotegwa Jozani mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazikumnasa. Uvumi huu uligharimu uhai wa mnyama asiye na kosa.

"Kule kwenye mikoko ni matope tu." Uongo. Ndani ya mizizi ile hukulia samaki na kamba; pita juu ya daraja la mbao, uinamie maji, utawaona.

Basi nenda ukajionee. Usimlishe kima wala usimguse, hata akikusogelea. Na wewe dereva, punguza mwendo ukifika Jozani: matuta yale yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwaua kima.