Mtoto Anayeteswa na Wenzake Masomoni
Mtoto akiumwa tumbo kila siku ya kwanza asubuhi, na siku ya posho yu mzima, ndugu wakatekista, msikimbilie dawa: ulizeni habari za kalasi. Pengine wenzake wanamwita mlozi, kwa kuwa ana kigugumizi ao ni yatima. Jina hilo si mchezo. Kwetu Congo watoto wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo tu, ingawa sheria ya 10 januari 2009 inampa kifungo mwenye kumsingizia mtoto ulozi.

Mwacheni aseme yote, bila kumwuliza mbona hakurudisha ngumi. Kisha mwalimu aambiwe kwa siri. Kuwaita wakosaji mbele ya kalasi nzima (nasi tumezoea!) ni kumponza: watamngoja njiani. Afadhali mwenzake mmoja mwema arudi naye kila siku.