Dinosaria wa Ice Age na Mifupa ya Lindi

Ndugu zangu, huku Hillbrow watoto wa majirani zangu Wakongo hawachoki na ile katuni ya Ice Age ya 2009, ambamo mamothi, wale tembo wa manyoya, wanakuta dinosaria wazima chini ya barafu. Inachekesha kweli, ila hesabu haikubali. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita; mamothi wa kwanza walitokea kama milioni 5 tu iliyopita, tena hapa hapa Afrika!

Lakini ulimwengu uliofichika upo, na uko kwetu. Kilima cha Tendaguru, Lindi, kina mifupa ya miaka kama milioni 150. Wajerumani waliichimba 1909 hadi 1913. Yaani, waliochimba hasa ni mamia ya wenyeji chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba mizigo kwa miguu siku kadhaa hadi bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Jamani, Majimaji na njaa yake vilikuwa vimepita juzijuzi tu.

Mmoja wao, Giraffatitan, amesimama Berlin hadi leo, kimo zaidi ya mita 13. Mlioko Ujerumani, nendeni Museum für Naturkunde mkamwone, na muwaulize wahudumu habari za Boheti.