Nguvu ya Sumu Imo Mwilini mwa Anayeipokea

Kabla ya 1994, katika vita dhidi ya mbung'o kisiwani Unguja, ng'ombe walikuwa wakimiminiwa mgongoni dawa iitwayo deltamethrini. Dawa hiyo husambaa juu ya ngozi, na mbung'o anayetua kunyonya damu huikanyaga. Haichukui muda miguu yake inatetemeka, anaanguka chali, anakufa. Ng'ombe, aliyebeba dawa nyingi kuliko iliyomgusa mbung'o, anaendelea kucheua.

Deltamethrini ni ya jamii ya pairethroidi. Kazi yake ni kuzuia milango midogo ya sodiamu kwenye neva isifunge kwa wakati, hivyo neva inapiga mfululizo bila kupumzika mpaka mwili unalemaa. Ng'ombe naye anayo milango hiyo. Ni kweli kwamba ya mdudu hunaswa kwa wepesi zaidi, na umbo lake dogo halimpi nafasi. Lakini sehemu kubwa ya jibu imo katika ini la ng'ombe. Humo mna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini. Kundi moja, esterasi, hukata kiungo kilicho katikati ya molekuli ya dawa, na vipande vinavyobaki havina tena umbo la kushika mlango wa neva. Vinatoka na mkojo. Ng'ombe anaivunja sumu haraka kuliko inavyoweza kumdhuru, mbung'o hawahi.

Si kila mnyama mwenye damu moto amejaliwa hivyo. Paka ana upungufu wa kimeng'enya kinachosaidia kuunganisha taka za namna hii na asidi ya glukuroniki ili zitolewe nje. Ndiyo maana permethrini kali ya kuua viroboto wa mbwa humtia paka mitetemeko na degedege, na mara nyingine humwua. Katika Mji Mkongwe, ambako paka wamejaa kila kichochoro, jambo hili linastahili kujulikana na kila mwenye duka la dawa za mifugo.

Deltamethrini iliwapunguza mbung'o wa Unguja, lakini ndani ya msitu wa Jozani walibaki, kwa kuwa huko walinyonya nguruwe pori na wanyama wengine ambao hakuna aliyewamiminia dawa. Waliomalizwa huko walimalizwa kwa njia nyingine: madume waliofugwa Tanga, wakahasiwa kwa mionzi na kumwagwa kwa ndege kuanzia 1994. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996. Usugu wa dawa haukuwa kikwazo. Jike la mbung'o huzaa buu mmoja kwa wakati, kila baada ya siku tisa au kumi hivi, na kizazi kinachokwenda polepole namna hiyo hakipati nafasi nyingi za kujirekebisha.

Mbu, kinyume chake, hutaga mayai kwa mamia. Mwaka 2006 Zanzibar ilianza kupiga dawa majumbani dhidi ya malaria kwa kutumia lambda-sihalothrini, nayo ya jamii ile ile ya pairethroidi. Miaka michache baadaye, mbu wa Pemba wa aina ya Anopheles arabiensis walikuwa wakigusishwa dawa na kuruka zao. Watafiti wakawapitisha kwanza kwenye kemikali iitwayo piperonili butoksidi, ambayo peke yake haiwatishi mbu, ila huzuia vimeng'enya vya kundi la saitokromu P450. Kisha wakawarudisha kwenye dawa ile ile. Wakafa. Kwa hiyo dawa ilikuwa na nguvu zake zote. Mbu waliobaki hai walikuwa wakiivunja kabla haijafika kwenye neva.

Hapa mambo yanageuka. Mojawapo ya dawa zilizokuja kushika nafasi ya pairethroidi kwenye kuta za Zanzibar ni pirimifosi-methili. Inavyotoka kiwandani, dawa hii ni dhaifu. Ikishaingia mwilini mwa mdudu, saitokromu P450 huondoa atomu ya salfa na kuweka oksijeni mahali pake, na zao la kazi hiyo ndiyo sumu halisi, inayolemaza kimeng'enya cha neva kiitwacho asetilikolinesterasi. Kundi la vimeng'enya linalomwokoa mbu na dawa moja ndilo linalompikia nyingine. Ukiongeza piperonili butoksidi hapa, unaweza kumkinga mbu badala ya kumwua. Katika jaribio la Muleba, mkoani Kagera, vyandarua vyenye kemikali hiyo vilipunguza malaria, na kupiga pirimifosi-methili ukutani kulipunguza pia. Viwili pamoja havikuleta faida ya ziada. Upinzani huo wa kikemikali ni mojawapo ya maelezo yanayowezekana.

Na binadamu? Malathioni, ndugu wa pirimifosi-methili, huhesabiwa kuwa salama kiasi kwetu kwa sababu esterasi za ini huivunja upesi. Mwaka 1976 nchini Pakistani, wapiga dawa wa malaria wapatao 2,800 waliugua na watano wakafa. Dawa yao ilikuwa na uchafu uitwao isomalathioni, ambao huzizima esterasi hizo hizo. Usalama wote ulikuwa umeegemea kundi moja la vimeng'enya.

Kwa hiyo dawa ya mbu haichaguliwi kwa sifa za kwenye kopo. Huchaguliwa kwa kuwapima mbu wa mahali husika, kila msimu, Unguja mbali na Pemba mbali, na kwa kukagua usafi wa kila shehena kabla haijafika mikononi mwa mpiga dawa. Vipimo hivyo vinagharimu fedha, na ndivyo vya kwanza kukatwa bajeti inapobana. Visikatwe. Na wewe unayenunua dawa dukani, ukiona haiui tena, usizidishe kipimo: badilisha jamii ya dawa, na umwulize afisa wa afya ni ipi inayowaua mbu wa mtaa wako.