Kamera ya Bei Nafuu kwa Kikundi: Tununue Ipi, Tuitumie Vipi?



Kikundi kilicho hai huwa na vitu vitatu mezani: daftari la mikutano, kitabu cha hesabu na cheti cha usajili. Siku hizi wengine wanauliza kuhusu kitu cha nne, yaani kamera ndogo ya dijitali, ile ya bei ya chini kabisa. Je, hizo ni pesa za kutupa au ni chombo cha kazi? Jibu linategemea mtainunua ipi na mtaifanyia nini.

SIMU ZIPO, KAMERA YA NINI?

Simu ni ya mtu. Mwenyewe akihamia Naivasha kutafuta kazi kwenye maua, au simu ikianguka ndani ya tangi, picha za kikundi zimekwenda nayo. Kamera ya kikundi huandikwa kwenye orodha ya mali, na anayeichukua hutia sahihi.

Lakini tusidanganyane. Kamera mpya ya bei ya chini kabisa mara nyingi hupiga picha mbaya kuliko simu janja ya kawaida. Kama katibu wenu ana simu nzuri na amekubali itumike, nunueni flashi diski ya kuhifadhia picha tu, na pesa nyingine ziende kwa mbuzi.

KAZI YA MAANA KWETU

Kamera ya kikundi isiwe ya harusi peke yake. Kazi zake ni hizi:

1. Kuonyesha mradi kabla, katikati na baada. Msingi wa tangi ukishafunikwa na udongo, hakuna atakayeuona tena. Picha ya msingi huonyesha mfadhili na wanachama kwamba simiti ilitumika kweli.

2. Kutambua mifugo. Piga kila ng'ombe au mbuzi pande zote mbili, pamoja na alama ya sikio. Mnyama akipotea, ni rahisi kumweleza polisi.

3. Ushahidi wa hasara ya wanyama wa porini. Sisi wa pande hizi za Ziwa Naivasha tunawajua pundamilia, nyati na viboko. Mtu hulala na mahindi, akiamka anakuta mabua. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka njia ya kudai fidia ya mazao, mifugo na mali. Lakini sheria hiyo hiyo inasema hakuna fidia kwa mtu ambaye hakuchukua hatua zinazofaa kulinda mali yake. Kwa hiyo usipige mahindi yaliyolala peke yake. Piga na ua wako, na mahali ulipovunjwa. Picha peke yake haitoshi: ni lazima kupiga ripoti kwa shirika la wanyamapori, KWS, na kujaza fomu. Picha inasaidia kwa sababu nyayo hazingojei afisa. Mvua ikinyesha, zimefutika.

MKIWA DUKANI

Msinunue kwa kusoma namba iliyo kwenye boksi. Ndani ya kamera kuna kipande kidogo kinachopokea mwanga kwa nukta nyingi. Nukta milioni moja ndizo megapikseli moja. Kamera ya kwanza ya dijitali ya kubeba mkononi, aliyoiunda Steven Sasson wa kampuni ya Kodak huko Marekani mwaka 1975, ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja. Leo, picha ya karatasi ya inchi 4 kwa 6 inahitaji nukta milioni 2 hivi ili itoke safi. Kwa hiyo megapikseli 5 za kweli zinawatosha.

Boksi la kamera ya bei poa laweza kusema 48 au 64. Mara nyingi kipande cha ndani ni kidogo, na kamera inakisia nukta za kujaza katikati. Ni kama kuongeza maji kwenye maziwa: debe linajaa, lakini mafuta ni yale yale.

Angalieni mambo haya:

– Lenzi. Nyingi za bei ya chini zina lenzi isiyojirekebisha. Zinaona vizuri kuanzia mita moja hivi kwenda mbele. Ukipiga risiti au jani lenye ugonjwa kwa karibu, unapata ukungu.

– Zumu. Ile ya kweli husogeza lenzi. Ile ya dijitali hukata picha na kuikuza tu, nukta haziongezeki.

– Kadi. Chagueni kamera ya kadi ya SD. Kamera nyingi ndogo hukubali mwisho GB 32, basi msinunue kubwa zaidi bila kuuliza. Baadhi ya kamera za zamani za Olympus na Fujifilm hutumia kadi ya xD, ambayo siku hizi ni taabu kuipata. Jihadharini pia na kadi bandia: imeandikwa GB 64, lakini ikifika kiasi fulani picha zinaharibika.

– Betri. Kamera ya betri za AA inafaa mahali pasipo na stima, kwa kuwa betri zapatikana. Lakini zile rahisi za redio huisha baada ya picha chache. Tumieni za alkalini, au za kuchaji. Kama betri ni ya kipekee, hakikisheni chaja yake iko.

Ushauri wangu: kamera ya mtumba ya kampuni inayojulikana, iliyotunzwa vizuri, mara nyingi inashinda mpya isiyo na jina. Kwa mfano, Canon PowerShot nyingi za jamii ya A za miaka ya 2000 zilikuwa na zumu ya kweli na zilitumia betri za AA. Msilipe kabla ya kuijaribu. Nendeni na kadi na betri zenu, pigeni picha tano nje na tano ndani, washeni flashi, kisha muone picha hizo kwenye kompyuta ya saiba, si kwenye kioo kidogo cha kamera.

KUPIGA PICHA INAYOSOMEKA

Kamera rahisi inahitaji mwanga mwingi. Piga asubuhi au alasiri, jua likiwa nyuma yako au kando. Ukimsimamisha mtu mbele ya anga au dirisha, uso wake utakuwa mweusi tititi. Saa sita mchana kofia hutia kivuli usoni. Washa flashi, ila ujue haifiki mbali, ni mita mbili au tatu hivi.

Bana viwiko mbavuni, bonyeza polepole, kisha usisogee kwa muda kidogo. Kamera hizi huchelewa. Wengi huishusha mapema, ndipo picha inatikisika.

Kwa hasara ya shamba, piga mara tatu: shamba lote likionekana na kitu kisichohama, kama nyumba au mti, kisha sehemu iliyoharibiwa, kisha unyayo, ukiwa umeweka kiberiti kando yake ili ukubwa ujulikane. Kwa unyayo, jua la asubuhi la kutoka ubavuni ndilo bora, kwa sababu linatia kivuli ndani ya shimo.

Vumbi letu la Ndabibi ni adui wa lenzi. Wekeni kamera ndani ya mfuko uliofungwa. Futeni lenzi kwa kitambaa laini kikavu, si kwa pindo la shati.

KUTUNZA PICHA

Kamera nyingi husahau tarehe betri zikitolewa. Hakikisheni tarehe kila mara kabla ya kupiga, maana picha yenye tarehe ya uongo inaharibu ushahidi wa kweli. Wekeni daftari: namba ya picha, siku, mahali, nani alipiga, ni ya nini. Msifute kitu kwenye kadi kabla picha hazijawekwa mahali pawili tofauti, kwa mfano flashi diski ya kikundi na kompyuta ya mtu mnayemwamini.

HESHIMA YA MTU

Picha ya mtu inayomtambulisha ni habari yake binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ombeni ruhusa kwanza. Kwa mtoto, ulizeni mzazi au mlezi. Elezeni picha inakwenda wapi. Na hata mama akikubali, msimpige katika hali ya kumwaibisha ili mfadhili aone huruma. Umaskini si maonyesho.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni kazi gani tatu tutakazoifanyia kamera mwaka huu? Kama hatuzipati, je, tuinunue?
2. Tukiwa wanachama 20 na kila mmoja akatoa shilingi 150, tutakuwa na 3,000. Je, kadi na betri zimo ndani ya hesabu hiyo?
3. Nani ataitunza, na nani atashika daftari? Wasiwe mtu mmoja.
4. Ikipotea au kuvunjika, nani atalipa? Andikeni uamuzi huo kwenye kumbukumbu za mkutano kabla ya kwenda dukani.