Kelele fupi huficha ukali wake

Msimu wa mavuno hapa Kyela, mashine za kukoboa mpunga hunguruma tangu asubuhi, na mama aliyepeleka debe zake mbili hurudi akilalamika kichwa. Lakini mama huyo huyo akiona watoto wakilipua fataki siku ya Idd, hana neno. Anaona ni "pa!" moja tu, imekwisha. Hapo sikio linamdanganya.

Sikio na ubongo haviupimi ukubwa wa sauti papo hapo. Hukusanya nguvu yake kwa takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Chukua ndoo iliyotoboka, uiweke chini ya bomba. Ukifungua bomba na kufunga mara moja, maji hayapandi. Ukiliacha wazi, yatapanda mpaka yanayoingia yalingane na yanayovuja, kisha yatatulia hapo hata ukisubiri saa nzima. Ndivyo sauti inavyohisiwa. Mlio unaodumu sehemu moja tu ya hamsini ya sekunde tutausikia umepungua kwa kama desibeli 10, yaani karibu nusu ya ukubwa wa mlio wenye nguvu ile ile uliodumu mara kumi zaidi.

Tuliosoma madrasa tunaweza kulipima hili kwa adhana. Ukiwa shambani, mbali na msikiti, kinachokufikia ni zile sauti zilizovutwa, na herufi fupi hupotea njiani. (Madd ina kanuni zake katika tajwidi, haikuwekwa kwa sababu hii. Hapa nazungumzia usikivu tu.)

Hatari ni kwamba chembe laini za ndani ya sikio hazingoji ndoo ijae. Pigo likija na nguvu kubwa huziumiza hapo hapo, na zikifa kwa binadamu hazioti tena. Mwenyezi Mungu ameweka misuli midogo katika sikio la kati inayokaza kupunguza kelele, lakini nayo huchukua kama sehemu ya kumi ya sekunde. Fataki imeshalia. Shirika la Afya Duniani liliweka kikomo cha mapigo ya namna hii kuwa desibeli 140 kwa mtu mzima na 120 kwa mtoto, na fataki ikilipuka karibu na sikio huweza kuvuka vyote viwili. Fundi anayegonga bati au chuma naye yumo humo, pamoja na mtoto anayechuchumaa pembeni kumtazama.

Je, mashine ya mpunga ni salama basi? Hapana. Ngurumo yake haizidi kuhisiwa kubwa kadiri inavyoendelea, ila madhara yanaendelea kujumlika. Kipimo kinachotumiwa sana makazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Ikifika 88, ni saa 4 tu. Mwendesha mashine anayejisifu kuwa "amezoea" mara nyingi ameanza kupoteza usikivu. Avae vizibo vya masikio vya sponji vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Pamba ya kawaida haitoshi.

Kwa fataki, watoto wasishike kabisa. Mtoto akisema sikio linapiga filimbi, mwondoe mara moja penye kelele. Filimbi ikiendelea hadi kesho yake, au akiwa hasikii vizuri, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa matibabu ya mapema ndiyo yenye nafasi nzuri. Na tafadhali, msimtie mafuta ya moto sikioni.