Mbio za Kwanza: Pesa Iende Miguuni

Ada ya kujisajili ndiyo huulizwa kwanza, na mara nyingi ndiyo ndogo. Mtu wa Dar es Salaam anaona tangazo la Kilimanjaro Marathon, anasoma ada ya Mtanzania, ambayo ni nafuu kuliko ya mgeni, na moyo unatulia. Hajahesabu basi la kwenda Moshi, zaidi ya kilomita 500, na la kurudi. Hajahesabu gesti, ambazo wikiendi ya mbio hizo hugombewa, wala kula hotelini siku mbili tatu. Akijumlisha, ada imemezwa.

Mbio za Dodoma nazo zimekuwa rahisi kufikika tangu treni ya SGR ianze 2024. Nauli ya kawaida kutoka Dar iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 31,000. Lakini hakuna mbio zinazoshinda za mji wako mwenyewe. Unalala kitandani kwako, unaamkia chakula ambacho tumbo limekizoea, unarudi kwa bodaboda. Tena Moshi si mahali pa kujifunzia: njia ya nusu marathon inapanda kuelekea Mweka, halafu inateremka, na mteremko ndio unaoyamaliza mapaja ya asiyezoea. Mweka itakusubiri.

Kuna umbali pia. Kilomita 21 au 42? Wengi wanadhani tofauti ni jasho tu, kumbe ni pesa. Soli ya raba ya kukimbilia kwa kawaida huanza kufa kati ya kilomita 500 na 800. Anayejiandaa kwa 21 akikimbia kilomita 25 kwa wiki, kwa wiki 12, ametumia 300. Raba bado ina uhai. Wa 42 akienda wastani wa 40 kwa wiki 16, amefika 640 kabla hata mbio hazijaanza. Huyo ajiandae kununua jozi mbili. Aongeze chakula, maana njaa ya mtu aliyekimbia kilomita 30 Jumapili haishibi kwa chapati mbili, na aongeze asubuhi nzima iliyotoka kwenye shughuli zake. Kwa anayeanza, nasema 21 bila kusita.

Sasa raba zenyewe, maana hapa ndipo pa kutoa pesa. Kuna mpya za dukani, kuna kopi zinazong'aa zenye nembo ya kampuni kubwa, na kuna mitumba ya soko la Karume, Dar, au la Memorial pale Moshi. Kopi iache. Ni mpya kwa macho tu. Soli yake mara nyingi ngumu na magoti yatalipa. Mtumba mzuri unaishinda, ila uchague kwa makini. Iweke raba mezani uitazame kwa nyuma: kisigino kikilala upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameshaimaliza. Bonyeza soli kwa kidole gumba, isipobonyea, imekauka. Tazama chini kama meno yamebaki. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole.

Zile raba za bei ya kutisha wala zisikuumize kichwa. Adidas walipotoa Adizero Adios Pro Evo 1 mwaka 2023 waliiuza dola 500, ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya mbio moja tu na mazoezi machache ya kuizoea. Mkimbiaji Tigst Assefa aliivaa kwenye Berlin Marathon akakimbia saa 2:11:53. Kwa Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathon Tokyo 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, kiatu cha namna hiyo kina hesabu yake. Kwako wewe unayetafuta kumaliza kabla barabara haijafunguliwa kwa magari, hakina.

Saa ya GPS? Simu yako inatosha. Fulana ya pamba huloa na kuchubua, kwa hiyo tafuta ya poliesta, hata kuukuu, na upake mafuta ya mgando kwapani na mapajani. Jeli za wakimbiaji huuzwa ghali, na moja huwa na gramu 20 hadi 25 za wanga. Ndizi mbivu ya wastani inazo karibu hizohizo. Jeli inaizidi ndizi kwa jambo moja: haipondeki mfukoni. Pakiti ya ORS ya duka la dawa inarudisha maji na chumvi.

Kabla hujalipa, uliza kama ada hurudishwa ukiumwa; mara nyingi hairudishwi. Na raba ulizonunua zivae mazoezini wiki kadhaa kabla. Siku ya mbio si siku ya kiatu kipya.